Neno la Siri la Betri

Riruta ni mtaa wa magharibi ya Nairobi, jirani ya Kawangware na Waithaka. Hapo kale palikuwa mashamba ya Wakikuyu nje ya mji. Mpaka wa Nairobi uliposogezwa mwaka wa 1963, Riruta iliingia mjini pamoja na sehemu nyingine za Dagoretti. Mtu apitaye leo katika Barabara ya Naivasha ataona vibanda vya kila kazi ya mikono: vinyozi, washonaji wa nguo, wachomeleaji wa vyuma, mafundi wa simu na redio, na waendesha bodaboda wakingoja abiria. Mahali kama hapa betri si kitu cha kusomwa vitabuni tu. Betri humwangazia mwenye duka umeme wa mji unapokatika, humwendesha mwenye pikipiki, na huitia uhai simu ambayo kwa watu wengi ndiyo sanduku la fedha.

Katika miaka ya karibuni mafundi wamezoea kusikia lalamiko moja: betri imejifunga. Mwenye betri anayo mkononi. Ameinunua kwa fedha zake, na nguvu zimo ndani yake. Lakini atakapo kuitazama hali yake au kuirekebisha, betri yamdai neno la siri, naye neno hilo hana. Pengine fundi aliyeiweka nyumbani kwake amehama mji. Pengine neno lilikuwa katika simu iliyoibwa. Pengine betri imenunuliwa kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mwingine, na yule wa kwanza hajulikani aliko.

Jambo hili ni geni katika historia. Kwa muda wa karne moja na nusu na zaidi betri haikumwuliza mtu yeyote jina lake. Basi tutazame jinsi betri ilivyopata msimamizi, jinsi msimamizi huyo alivyopewa neno la siri, na jinsi watu waliofungiwa nje walivyopata kurudi ndani.

Mwaka wa 1800 Alessandro Volta, mwalimu wa chuo cha Pavia katika Italia, alimpelekea Joseph Banks, rais wa Chama cha Kifalme cha London, barua iliyoeleza ajabu mpya. Alikuwa amepanga sahani za fedha na za zinki moja juu ya nyingine, na katikati yake akatia vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata mkondo wa umeme usiokatika. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Mwaka wa 1859 Gaston Planté wa Ufaransa akatengeneza betri ya risasi na asidi, ya kwanza iliyoweza kujazwa tena baada ya kwisha. Motakaa nyingi hata leo huwashwa na mjukuu wa betri hiyo.

Kwetu pia betri ni mgeni wa siku nyingi. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, nguzo za simu ya waya zilifuatana nayo, na simu hiyo ilisema kwa nguvu ya betri. Baadaye zikaja redio za betri kavu. Kisha, katika nyumba zisizokuwa na umeme, watu walinunua betri za gari, wakawa wakizipeleka dukani kuchajiwa kwa ada ndogo na kuzirudisha nyumbani jioni ili watazame televisheni. Betri hizo zilikuwa na masharti yake. Zilitaka maji safi yasiyo na chumvi, zilitaka kusimama wima, na zilichukia kumalizwa kabisa. Lakini hazikuwa na siri. Aliyeishika ndiye aliyekuwa na nguvu zake, awe mwenyewe au awe mwizi. Mtunzaji mvivu aliiua betri yake polepole, akanunua nyingine, na habari ikaishia hapo.

Mambo yalibadilika ilipokuja lithiamu. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko metali zote, na betri yake hubeba nguvu nyingi katika uzito mdogo. Misingi ya betri hiyo iliwekwa na watu watatu: Stanley Whittingham katika miaka ya 1970, John Goodenough mwaka wa 1980, na Akira Yoshino wa Japani mwaka wa 1985. Kampuni ya Sony iliitia betri hiyo sokoni mwaka wa 1991, na wataalamu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2019. Lakini hata kabla ya Sony ulimwengu ulikuwa umekwisha onywa. Mwaka wa 1989 kampuni ya Moli Energy ya Kanada, iliyokuwa ikiuza betri zenye metali tupu ya lithiamu, ililazimika kuzirudisha betri zake kutoka kwa watu baada ya simu za Japani zilizozitumia kushika moto.

Sababu ya hatari hiyo yafaa ielezwe, maana bila yake neno la siri la betri litaonekana kuwa ukorofi mtupu wa wenye viwanda. Seli moja ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma haitakiwi kupita volti 3.65 inapochajiwa, wala kushuka chini ya volti 2.5 inapotumika. Aina zenye nikeli na kobalti zina mpaka wa juu wa volti 4.2. Seli ikisukumwa kupita mpaka wake, hupata joto. Joto likizidi, kemikali za ndani huanza kujichoma zenyewe na kuongeza joto jingine, na hapo maji ya ndoo moja hayatoshi. Sasa betri ya nyumbani yaweza kuwa na seli 16 zilizofuatana, jumla ya volti kama 51. Chaja huona jumla tu. Haioni kwamba seli ya tano imejaa mapema na ya kumi ingali na njaa. Kwa hiyo ilihitajika akili ndogo ya kukaa ndani ya kasha, kupima kila seli peke yake, kupima joto, na kukata mkondo panapokuwa na hatari. Akili hiyo ni ubao mdogo wa saketi. Mafundi wetu huutaja kwa herufi tatu, BMS. Mimi nitauita msimamizi wa betri.

Msimamizi hufanya kazi kwa kufuata hesabu alizoandikiwa: kata mkondo kwenye volti hizi, ruhusu ampea hizi, acha kuchaji joto likifika hapa. Mtu akizibadilisha hesabu hizo bila maarifa, amemwondoa mlinzi huku sare yake ingali inaonekana mlangoni. Ndiyo maana watengenezaji wakatafuta kufuli la kuzifungia, na kufuli lililokuwa karibu nao lilikuwa lile la kompyuta.

Kufuli hilo lina historia yake yenyewe, nayo ina kichekesho. Mwaka wa 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo ulioruhusu watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa zamu fupi fupi. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mafaili yake, kila mmoja akapewa neno la siri. Mwaka uliofuata, 1962, mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu aitwaye Allan Scherr aliona kwamba saa alizogawiwa kwa juma hazitoshi kazi yake. Akaiagiza mashine imchapishie faili moja, nalo lilikuwa faili la maneno ya siri ya watu wote. Mashine ikatii. Hivyo neno la siri halikuwa limemaliza miaka miwili kabla ya kuibwa, na aliyeliiba hakutaka fedha wala siri za serikali; alitaka muda zaidi wa kufanya kazi. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 lilitokea jambo jingine katika mfumo ule ule: mafaili mawili yalibadilishana mahali kwa hitilafu ya programu, na kila aliyefungua kompyuta badala ya kusoma salamu za siku akasoma orodha nzima ya maneno ya siri.

Waliojifunza kutokana na aibu kama hizo waliuliza swali la busara: kwa nini kompyuta iyahifadhi maneno yenyewe? Roger Needham wa Cambridge, Uingereza, katika miaka hiyo ya 1960 alipata njia ya kuyasaga. Mahindi yakishasagwa kinuni hayarudi kuwa punje. Lakini ukileta punje nyingine za namna ile ile na kuzisaga kwa kinu kile kile, waweza kulinganisha unga na unga. Kompyuta ikaweka unga tu. Mtu akija na neno lake, linasagwa, na unga ukifanana anaingia. Mwaka wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Marekani waliandika makala mashuhuri juu ya njia hiyo, na tangu hapo ikaenea kote.

Hapa mwanafunzi na atulie kidogo, kwa sababu jambo hili humkasirisha kila mtu aliyesahau neno lake. Hufika kwa mwenye mtambo akasema, niambieni neno langu. Naye hujibiwa, hatulijui. Hudhani anadanganywa. Kumbe mara nyingi jibu hilo ni la kweli: pale pana unga, hapana punje. Linalowezekana ni kuandikiwa neno jipya, na ili aandikiwe neno jipya lazima kwanza athibitishe kwa njia nyingine kwamba yeye ndiye. Suala zima la kurudi ndani latoka katika kumbukumbu likawa katika ushahidi.

Je, watengenezaji wa betri walilitumia kufuli hilo vizuri? Mwaka wa 2011 Charlie Miller, mtafiti Mmarekani wa usalama wa kompyuta, alizichunguza betri za kompyuta za mapajani za Apple. Akakuta kwamba chipu ya msimamizi ina hali tatu: imefungwa kabisa, imefunguliwa kidogo, na imefunguliwa yote, na kwamba maneno ya kuifungua yalikuwa yale yale ya kuanzia, yaliyoandikwa katika vitabu vya maelezo vya mtengenezaji wa chipu. Ilikuwa kana kwamba mtu amenunua kufuli jipya akaacha ufunguo umening'inia juu yake. Miller aliweza kuyabadilisha maagizo ya msimamizi, na katika majaribio yake aliharibu betri kadhaa zisiweze kutumika tena.

Dawa aliyoitoa ndiyo yenye mafunzo zaidi kwetu. Alitunga programu iliyolibadilisha neno la kuanzia na kuweka tarakimu za bahati nasibu, zisizojulikana na mtu yeyote. Baada ya hapo mwizi hakuweza kuingia tena. Wala Apple haikuweza kuingia kusahihisha kosa lolote la baadaye, wala mwenye kompyuta mwenyewe. Kufuli lilikuwa imara, na ufunguo ulikuwa umetupwa baharini. Sina haja ya kumlaumu Miller. Alifanya hivyo kwa kujua na kwa kueleza. Lakini mamia ya watu hufanya jambo lile lile bila kujua, wanapoweka neno jipya katika betri zao usiku, kwa haraka, bila kuliandika popote.

Nairobi nayo imekuwa na historia yake ya betri zenye kufuli, na kwa sehemu imeutangulia ulimwengu. Malipo ya M-PESA yalianza mwezi wa Machi mwaka wa 2007. Mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo ya sola nchini Kenya kwa mkopo. Mnunuzi alilipa kitangulizi, akachukua kibao cha jua, taa, redio na kisanduku chenye betri, kisha akalipa shilingi chache kila siku kwa muda kama wa mwaka mmoja. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kadi ya simu. Malipo yakifika, betri ilitoa umeme. Malipo yakikoma, kampuni iliizima kutoka mbali. Na deni likimalizika, ilifunguliwa moja kwa moja, ikawa mali ya mnunuzi. Watu ambao hakuna benki iliyokuwa ikiwakopesha walipata taa kwa sababu betri yenyewe ilikuwa rehani. Wengine huliona kufuli hilo kuwa ukatili. Mimi naona lilikuwa bei ya kuaminiwa, na bei hiyo ilikuwa imetajwa wazi tangu mwanzo: kila mtu alijua nani ana ufunguo, kwa muda gani, na kwa sharti gani atautoa.

Betri za pikipiki za umeme, zilizoanza kuonekana kwa wingi Nairobi baada ya mwaka wa 2020, zimekwenda hatua moja mbele. Katika mipango mingi mwendeshaji ananunua pikipiki, lakini betri hubaki kuwa mali ya kampuni. Yeye huibadilisha kituoni ikiisha. Kwa hiyo betri hutengenezwa ikatae kuchajiwa mahali pengine. Hapo mwendeshaji aliyefungiwa hana neno alilolipoteza, kwa sababu hakupewa neno lolote.

Kufungiwa nje kulikogusa nyumba nyingi zaidi, Riruta na kwingineko, hakukuwa kwa betri. Kulikuwa kwa mita za umeme, nakueleza kwa kirefu kwa sababu kunaonyesha waziwazi kuliko mfano wowote jinsi mlango wa siri unavyoweza kufunguliwa upya kwa utaratibu. Mita za malipo ya kabla zilianza kutumiwa na kampuni ya umeme ya Kenya mwaka wa 2009. Mtu hulipa, hupelekewa tarakimu 20, huzibonyeza katika mita, na umeme huja. Tarakimu hizo ni neno la siri la kutumiwa mara moja tu. Kila moja imefungwa kwa ufunguo ambao mita hiyo na mwuzaji ndio wanaoujua, na ndani yake imeandikwa dakika iliyotengenezwa, ili mtu asizibonyeze tarakimu zile zile mara ya pili.

Utaratibu huo ulibuniwa Afrika Kusini, ukawa kanuni ya nchi nyingi. Waliotunga walianza kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, wakaipa hesabu hiyo nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo huchukua dakika 16,777,216, wala haizidi. Mwanafunzi anayependa hesabu na agawanye kwa dakika 1,440 za siku moja: atapata siku 11,650 na saa kadhaa, ambazo humfikisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo hesabu ingerudi sifuri, na mita zingeziona tarakimu mpya kuwa za zamani na kuzikataa. Umeme uliokwisha nunuliwa ungeendelea kutumika mpaka mwisho wake. Kisha giza.

Mita hizo zilikuwa mamilioni, katika Kenya na duniani, nyingine zikiwa katika kuta za vyumba vya kupanga ambavyo mwenye nyumba anaishi kwingine. Haikuwezekana kumpeleka fundi katika kila mlango. Lakini watunzi wa kanuni walikuwa wameacha njia tangu mwanzo: mita ilikubali kupokea, kupitia vibonyezo vile vile, ufunguo mpya uliofungwa kwa ufunguo wa zamani. Ufunguo ulikuwa mrefu kuliko nafasi ya ujumbe mmoja, ukagawanywa vipande viwili. Basi katika mwaka wa 2024 mteja aliyenunua umeme alipelekewa mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa ufunguo mpya. La tatu lilikuwa umeme wake. Ilimpasa kuyabonyeza kwa mfuatano huo. Tarakimu sitini si mchezo kwa mzee mwenye macho dhaifu, na vijana wengi wa Nairobi walifanya kazi hiyo kwa ajili ya jirani zao. Lakini mita ikaamka na ufunguo mpya na hesabu mpya ya dakika, bila bisibisi na bila kuvunja muhuri.

Sasa turudi kwa fundi wa Riruta na betri iliyo mezani mwake. Wateja husema imejifunga, lakini neno hilo moja hufunika mambo matatu yasiyofanana, na fundi hodari kazi yake ya kwanza ni kuyatenga.

Mara nyingi betri haikufungwa na mtu: imelala. Imetumiwa mpaka seli zikafika mpaka wa chini, msimamizi akakata mkondo ili azilinde, na baadaye hata yeye mwenyewe akazimika. Mwenye betri huona kimya, hujaribu kuiunganisha na simu, hakuna jibu, naye hudhani amenyimwa ruhusa. Betri kama hiyo huhitaji chaja iliyo sahihi, pengine kibonyezo cha kuamshia, na subira. Hakuna neno la siri lolote hapo.

Jambo la pili ni kuzimwa kutoka mbali na mwenye haki, kama tulivyoona katika mkopo wa sola na katika pikipiki. Ulimwengu uliliona jambo hilo kwa kishindo mwaka wa 2016, simu za Samsung za Galaxy Note 7 zilipokuwa zikishika moto. Watu waliambiwa wazirudishe. Baadhi yao hawakuzirudisha. Na ilipofika mwezi wa Desemba kampuni ikatangaza Marekani programu ya kuizuia simu kuchaji kabisa. Fundi akiletewa betri iliyofungwa kwa namna hii, amwulize mteja karatasi za deni kabla ya kushika bisibisi. Akiifungua betri ya kampuni bila idhini, amekuwa mshirika wa wizi, hata kama yule aliyemletea ni rafiki yake wa kanisani.

La tatu ndilo kufungiwa hasa: betri ni mali ya mtu, inafanya kazi, lakini neno la kuifikia akili yake limepotea. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba msimamizi hapumziki kwa sababu mwenyewe amesahau neno. Huendelea kupima na kukata kama alivyoagizwa. Kwa hiyo hakuna moto unaomkimbiza mtu. Ana muda wa kufuata njia iliyonyooka. Husoma namba ya betri iliyoandikwa ubavuni, hutafuta risiti, humwendea aliyemwuzia au mtengenezaji, na kuomba neno jipya. Betri nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani na neno la kuanzia kama 1234 au 123456, nalo mara nyingi limo katika kijitabu ambacho kilitupwa pamoja na boksi. Mtengenezaji aweza kuwa na programu ya kuunganishwa kwa waya, ya kulifuta neno la zamani. Hayo yote yakishindikana, hubaki kumwondoa msimamizi mzima na kuweka mwingine wa kipimo kile kile, kazi inayotaka fundi ajuaye, kwa sababu nyaya zile nyembamba za kupimia seli zikiunganishwa kwa mpango usio wake, ubao mpya huungua papo hapo.

Ipo njia nyingine, fupi, na ndiyo inayonitia hofu. Ni kumruka msimamizi: kuchukua waya nene na kuunganisha kutoka seli moja kwa moja mpaka nje, nguvu zipite bila kumwona. Taa zitawaka siku hiyo hiyo, na mteja atashukuru. Kisha usiku mmoja chaja itaendelea kusukuma katika seli iliyojaa, na hakutakuwa na mtu wa kukata. Katika mtaa ambao nyumba za mabati zimeshikana ukuta kwa ukuta, seli moja iliyopata joto si habari ya nyumba moja.

Swali la haki lilikuwa bado halijajibiwa: nani awe na ufunguo wa akili ya betri niliyoinunua? Umoja wa Ulaya ulijaribu kulijibu kwa sheria ya betri iliyopitishwa mwezi wa Julai 2023. Kifungu chake cha 14, kilichoanza kutumika tarehe 18 Agosti 2024, chagawanya mlango mara mbili. Aliyenunua betri kwa halali, betri ya kuhifadhia umeme, ya gari au ya baiskeli ya umeme, apewe ruhusa ya kuisoma hali yake: nguvu zilizobaki, uchakavu wake na mengineyo. Ruhusa hiyo ni ya kusoma, wala si ya kubadilisha. Tena msimamizi awe na njia ya kuifuta programu yake, ili betri ikitoka katika gari ikaenda kufanya kazi nyingine, wale wanaoitayarisha waweze kuiandikia maagizo mapya.

Mgawanyo huo naupenda. Kumnyima mtu kusoma hali ya betri yake ni kumfanya mpangaji katika nyumba aliyoijenga. Kumwachia kila mtu abadilishe mipaka ya volti ni kumpa mtoto kiberiti. Sheria hiyo ni ya Ulaya, na mkono wake haufiki Barabara ya Naivasha. Lakini betri zilizochoka katika magari bado zina nguvu za kutosha kuangaza duka au zahanati kwa miaka mingine, na zitakapofika hapa katika masanduku ya meli, zile zilizotengenezwa kabla ya sheria na zile zilizotengenezwa baada yake zitafanana kwa nje. Fundi atazitambua atakapoziunganisha na kompyuta yake, na kuona ni ipi inayomsomea habari zake na ipi inayomwuliza neno.